Niliingia Majini na Woga Wangu

Sisi wanawake wa pwani ya mashariki ya Unguja, kuanzia Paje na Jambiani hadi Makunduchi, tumeishi na bahari tangu tumejijua, na bado wengi wetu hatujui kuogelea. Mgeni akiambiwa hivyo haamini. Anatuona kila bamvua, siku ambazo maji hupwa na kujaa sana, tumo baharini na kamba zetu za mwani, maji ya magoti, maji ya kiuno, anadhani bahari yote ni yetu. Lakini bahari tuliyoijua sisi ni ile iliyokupwa. Maji yakianza kujaa, tunajitwisha mizigo tunarudi pwani. Mama yangu amelima mwani tangu mbegu zilipoletwa kutoka Ufilipino na kilimo kikaanza hapa Jambiani na Paje mwaka 1989, na hajawahi hata siku moja kusimama mahali ambapo mguu wake haugusi mchanga. Nami nilikuwa hivyo hivyo mpaka nikaitwa bibi.

Naandika haya kwa sababu mabinti wengi huniambia neno moja: "Bi, mimi nitaanza nikishajiamini." Anayetaka kufungua genge anasema hivyo, anayetaka kusimama mbele ya kikao anasema hivyo, anayetaka kurudi shule baada ya kuzaa anasema hivyo hivyo. Nami nililisema kwa miaka. Nililisema kwa moyo safi kabisa, nikiamini iko asubuhi nitakayoamka sina woga, na hiyo ndiyo itakuwa siku ya kuanza. Asubuhi hiyo haikuja. Kilichokuja ni joto.

Miaka ya mwanzo tulilima aina mbili, spinosamu na kotonii. Spinosamu ni stahamilivu lakini bei yake ndogo. Kotonii ndiyo yenye pesa, kwa kuwa ute wake huganda imara na viwanda vya vyakula na vipodozi huutafuta sana. Tatizo lake ni kwamba haivumilii joto. Kaskazi, msimu wa joto, ikishika, maji ya ndani ya mwamba, kati ya matumbawe na pwani, yakikupwa saa tano, saa sita za mchana, hupata moto hata wewe mwenyewe unausikia kwenye vifundo vya miguu. Unafunga mbegu zikiwa nzuri, bamvua inayofuata unakuta matawi yamepauka, yamelegea, ukiyashika yanakatika mkononi. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 mashamba mengi ya kotonii kwenye maji ya kina kifupi yalikufa namna hiyo, na wengi wetu tukabaki na spinosamu na bei yake.

Watafiti, akiwemo Dkt. Flower Msuya ambaye wakulima wa mwani Zanzibar wanamfahamu vizuri, walituelekeza kwenye kina kirefu. Huko joto halipandi na kushuka ovyo, na mwani haufungwi kwenye vijiti vilivyochomwa mchangani kama tulivyozoea. Unaning'inia kwenye kamba au kwenye nyavu za mrija, chini kuna nanga, juu kuna maboya. Kikundi chetu kilipopata kamba na maboya tulifurahi sana. Furaha ikaishia ufukweni, kwa sababu shamba lilikuwa mahali penye pima mbili za maji, maji ya kumfunika mtu, hata bahari ikiwa imekupwa, na katika sisi wote hakuna aliyeweza kufika huko. Tukawa tunawalipa vijana wenye ngalawa. Kijana akipata watalii wa kupeleka kwenye mwamba, mwani wetu unamsubiri. Ukisubiri unashikwa na majani mengine ya baharini, unakuwa mzito, wimbi likija unakatika unapotea. Tulikuwa wenye shamba tusioweza kuliona shamba letu.

Binti yangu, mtoto wa kaka yangu, alikulia Nungwi, kule kaskazini, ambako kuna wanawake wanaofundisha wasichana kuogelea, na yeye alifundishwa angali mdogo. Alipokuja kwetu kunisalimia nikamweleza shida ya kikundi. Akanisikiliza, kisha akasema, "Shangazi, basi kesho tuingie majini."

Nikamwambia, "Kesho mapema mno, mwanangu. Nipe muda niyazoee kwanza."

"Utayazoea ukiwa wapi, shangazi?"

Hakulisema kwa ubishi. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua, akanyamaza akingoja jibu, na mimi nikatafuta jibu nisilipate.

Sababu zangu zilikuwa nyingi na sikuzitunga. Umri. Mavazi, maana mwanamke wa kijijini kwetu hawezi kutoka majini nguo zimemganda mwilini na vijana wanapita. Maneno ya watu. Na juu ya yote hayo kulikuwa na Septemba 2011, usiku ile meli ya Spice Islander ilipozama karibu na Nungwi ikielekea Pemba imejaa familia. Kila kijiji Unguja na Pemba kilikuwa na msiba au kilimjua mwenye msiba. Mwaka uliofuata, Julai 2012, ikazama Skagit njiani kutoka Dar es Salaam. Baada ya hapo maji ya kina kirefu, kwangu mimi, yalikuwa yana majina ya watu ndani yake. Mtu asikwambie woga wa namna hiyo ni upuuzi. Ni kumbukumbu, na kumbukumbu haiondoki kwa kuambiwa jikaze.

Mama naye nilipomgusia alinijibu kwa methali: maji usiyoyafika hujui wingi wake. Alikuwa ananionya. Mimi nikakaa nayo usiku kucha, nikaona kwamba yote mawili yamo ndani yake, onyo na njia. Wingi wake nitaujuaje bila kuyafika?

Tulianza siku za maji mafu, siku ambazo maji hayapwi wala kujaa sana. Hili nalisema kwa makusudi, kwa sababu watu wakisikia "anza kabla hujawa tayari" hudhani maana yake ni kujitupa. Bamvua ni siku zetu za kazi, na ndizo siku ambazo maji huenda mbali na kurudi kwa nguvu. Maji mafu hayana papara. Tulikwenda baada ya sala ya alfajiri, maji yakijaa polepole, pwani bado haina watu, kwenye bonde la mchanga ndani ya mwamba ambapo hakuna mkondo. Binti yangu alikuwa amechagua mahali, amechagua saa, na amekuja na dumu tupu la mafuta ya kupikia, la lita tano, kifuniko amekikaza kwa mkono. Mimi ndiye niliyekuwa sijawa tayari. Vitu vingine vyote vilikuwa tayari.

Nilikuwa nimevaa dera. Nilipofika maji ya kiuno lile dera likajaa hewa, likainuka pande zote, halafu hewa ikatoka, likashuka na kujizungusha miguuni hata nikashindwa kupiga hatua. Nikapata sababu ya kurudi nyumbani. Binti yangu akavua suruali ya pili aliyokuwa ameivaa chini ya ile ya juu, akanipa, akashika kanga mbele yangu nikabadilisha papo hapo majini. Alijua toka Nungwi kwamba nguo ndizo zinazowarudisha wengi. Baadaye nilishona vazi langu: suruali ya kitambaa chepesi kisichonywa maji, kanzu fupi iliyobana kiasi kiunoni isipande juu, na kilemba cha kufunga kwa nyuma. Leo nawashonea wenzangu.

Kitu cha kwanza hakikuwa kuogelea. Kilikuwa kutia uso majini na kutoa pumzi. Unashika dumu kwa mikono miwili, unainama, unatia uso, unapuliza puani na mdomoni mpaka mapovu yanakupanda mashavuni, unainua kichwa, unavuta. Maelezo haya yanakwenda kwa pumzi moja, lakini mimi asubuhi ile yote sikuweza zaidi ya kulowesha kidevu. Mwili ulikataa. Nilikuwa naamrisha shingo iiname, shingo haisikii. Nilisema Bismillahi, nikafumba macho, nikatia uso, nikatoka nimekunywa maji, ninakohoa, kamasi zinatoka. Binti yangu akasema, "Vizuri, shangazi. Sasa umeshayanywa, hayana ugeni." Akaniambia nitie tena.

Nikatia tena. Nataka nieleze kwa uangalifu nilichokisikia mara hiyo ya pili, kwa sababu ndicho kilichonifanya niandike haya. Woga ulikuwa pale pale, ukubwa ule ule. Moyo ulikuwa unapiga, mikono imekamata dumu mpaka vidole vinauma. Lakini kando ya woga sasa kulikuwa na kitu kingine kidogo, nacho ni habari: nimetia uso, nimekohoa, nimesimama, niko hai. Kabla ya hapo woga ulikuwa peke yake chumbani unasema unachotaka. Sasa ulikuwa na shahidi wa upande wa pili. Shahidi mdogo, lakini ameona kwa macho.

Kuelea kulichukua wiki nyingi. Mwili wa binadamu, kifua kikiwa kimejaa hewa, unaelea. Maji ya chumvi yanausaidia zaidi. Hilo niliambiwa na nikalikubali kwa akili. Tatizo ni kichwa. Mtu akiogopa huinua kichwa, anataka kuona, anataka mdomo uwe mbali na maji. Ukiinua kichwa, kiuno kinashuka, miguu inafuata, na unazama kweli. Ukilaza kichwa mpaka masikio yameingia majini na unaangalia mbingu, kiuno kinapanda chenyewe. Kwa hiyo lile jambo ambalo woga unakuamuru ulifanye ndilo linalokuzamisha, na linalokuweka juu ni lile ambalo mwili wote unalipigia kelele usilifanye. Hakuna namna ya kulijua hili ukiwa umekaa kwenye mkeka. Binti yangu alikuwa ameweka kiganja chini ya mgongo wangu, anasema, "Lala, shangazi, lala, masikio yaingie." Sikuweza, sikuweza, kisha asubuhi moja masikio yakaingia. Sauti zote za dunia zikakatika, nikasikia tu michanga ikitembea chini na pumzi zangu mwenyewe. Nilipokuja kusimama nikamwona binti yangu amesimama kando, mikono yote miwili ameikunja kifuani.

Nilitaraji kwamba kuanzia siku hiyo nitakuwa mtu mwingine. Sikuwa. Kesho yake nilikwenda pwani naogopa kama kawaida. Ukaja mwezi wa Ramadhani tukaacha, baada ya Idi kusi ikawa imeshika, pepo kali, maji yamechafuka, tukaacha zaidi. Niliporudi majini ule moyo niliokuwa nimeupata ulikuwa umekwisha kabisa, nikaamini kwamba nimerudi mwanzo. Nikalaza kichwa kwa kutojali, nikijua nitazama. Nikaelea. Moyo ulikuwa umesahau, mgongo haukusahau. Siku hiyo nilielewa jambo ambalo mpaka leo naliona ndilo kubwa kuliko yote: kujiamini, kwa maana ya ile hisia tamu kifuani, huja na kuondoka, leo unayo kesho huna, njaa inaiondoa, neno la jirani linaiondoa. Uwezo unakaa. Tangu hapo sijiulizi kama najiamini. Najiuliza nilifanya nini mara ya mwisho, na mwili unanijibu.

Maneno ya watu yalikuja, kama nilivyojua yatakuja. Bibi mzima anajifundisha mambo ya watoto. Mume wangu hakusema ndiyo wala hapana; lakini siku moja nilikuta lile dumu langu limefungwa kamba ya kushikia, fundo la kivuvi ambalo mimi silijui kulifunga. Hakulitaja, nami sikulitaja. Wifi yangu ndiye aliyesema wazi kwamba ni aibu. Huyo huyo wifi sasa anaogelea kunishinda, na sisemi hili kwa kumsuta, nalisema kwa sababu maneno yake yaliniuma sana wakati ule, na kama ningesubiri anikubalie ndipo nianze, sote wawili tungekuwa bado tuko pwani.

Sasa nije kwenye upande ambao watu wanaohimiza "anza tu" huupita haraka. Iko siku nilikataa, na nilikuwa sahihi kukataa. Wenzangu kikundini walipoanza kuogelea, tukapata hamu. Bamvua moja tukasema twende wenyewe na boti ya faiba mpaka kwenye shamba, maji yakiwa yanatoka. Mimi tumbo likanikaza. Nikajiuliza: huu ni ule woga wa zamani, au ni mwingine? Nikauuliza, naogopa nini hasa? Jibu likaja moja kwa moja: naogopa mlango wa mwamba. Wakati wa bamvua maji yote yaliyo ndani ya mwamba hutafuta njia ya kutokea bahari kuu, na pale mlangoni yanakimbia. Mashine ikizimika hapo, kasia halikurudishi. Tukamwendea mzee mmoja mvuvi, tukamwamkia, tukamweleza. Akasema, "Wanangu, nendeni maji yakiwa yanajaa, ili mkishindwa bahari iwarudishe nyumbani." Tukangoja saa ile igeuke. Tangu hapo ndiyo kanuni yetu.

Swali hilo nimeendelea kulitumia kwa mambo mengine. Woga ukiuuliza unaogopa nini, ukakujibu kwa kitu chenye umbo, mkondo, giza, mashine mbovu, kutokuwa na mwenzako, deni usiloweza kulilipa, basi usiupuuze. Umekuletea kazi: tafuta saa nyingine, tengeneza mashine, tafuta mwenzako, punguza deni. Ukikujibu kwa "watu watasema," "sijazoea," "mimi si mtu wa namna hiyo," hapo hakuna kitu cha kutengeneza, na kungoja hakutakuongezea chochote. Wasichana wengi ninaozungumza nao woga wao ni wa aina hii ya pili, ila umevaa nguo za ile ya kwanza. Ukimuuliza polepole, tabaka kwa tabaka, mwisho anakwambia anaogopa kuonekana anashindwa. Hilo halina dawa ya pwani. Dawa yake iko majini.

Mfano mwingine nilio nao ni wa mizani. Tulikuwa tunauza mwani mkavu kwa wakala wa mnunuzi mmoja, na kila mara gunia tulilolikadiria kilo fulani lilikuwa linasoma pungufu kwake. Sote tulilijua, tukalizungumza majumbani, tukalizungumza tukifunga kamba, hakuna aliyelizungumza mbele yake. Mimi katika kikao sijawahi kufungua mdomo. Nina kigugumizi kidogo nikitazamwa na wengi. Kilichonisogeza si ujasiri mpya. Nilikumbuka tu kwamba sikuanza kuogelea kwa kuogelea, nilianza kwa kidevu. Nikatafuta kidevu cha jambo hili. Nikaona hotuba siiwezi, kubishana siwezi, lakini kubeba mfuko wa mchele naweza.

Siku ya kupima nikaenda na mfuko wa mchele wa kilo 25 kutoka dukani, haujafunguliwa, uzi wake mzima. Nikamwambia, "Mwanangu, nakuomba, kabla ya mwani wetu tuupime huu." Sentensi hiyo nilikuwa nimeifanyia mazoezi njia nzima, na bado sauti ilitetemeka. Akasita, akautazama mfuko, akawatazama wanawake waliokuwa wamekaa juu ya magunia yao. Akauweka. Mshale ukasimama chini ya 25, kila mtu akauona. Hakuna aliyepiga kelele. Wenzangu wawili wakainuka wakaja kusimama karibu yangu, hilo tu. Tulipima siku nyingine kwa mizani nyingine, na tangu siku hiyo kila upimaji huanza na kitu chenye uzito unaojulikana. Mpaka leo kigugumizi kipo. Nazungumza nacho.

Nimeulizwa kama kuogelea ndiko kulikonipa ulimi. Nadhani si hivyo. Nilipokuwa kwenye mizani nilikuwa naogopa upya kabisa, kana kwamba sijawahi kushinda lolote. Nilichokuwa nacho ni kuijua njia: kwamba jambo kubwa lina mahali pake padogo pa kuingilia, kwamba mara ya kwanza itakuwa mbaya, kwamba ubaya wa mara ya kwanza hauthibitishi kitu, na kwamba ni vizuri mtu mmoja anayejua awe karibu bila kukushika. Hili la mwisho nalitilia mkazo. Sikujifunza peke yangu, na simshauri mtu yeyote ajifunze kuogelea peke yake. Binti yangu aliweka kiganja, kisha akakiondoa bila kuniambia, lakini alikuwa hatua mbili kutoka nilipo. Mwalimu asiyeweka kiganja anaua watu. Asiyekiondoa anawalea mpaka uzeeni.

Siku hizi tunakwenda shambani wenyewe. Boti moja inabeba wanawake watano na nyavu, mmoja anabaki kwenye mashine, wawili majini upande huu na upande ule wa kamba, wawili wanapokea. Kotonii inayoota kule ina matawi manene, rangi iliyokoza, ukiivunja inalia. Si kila msimu. Iko misimu nako kule huugua, na upepo wa kusi ukizidi tunaweza kupoteza kamba nzima usiku mmoja. Kuzamia mpaka kwenye nanga bado sijaweza, masikio yananiuma nikishuka. Wifi yangu ndiye anayeshuka. Mimi kazi yangu ni maboya na kamba za juu, na naogopa kila ninapoachia ubavu wa boti. Naachia.

Mama alikataa kuja kutazama kwa muda mrefu. Kisha alianza kuja, anakaa chini ya mkungu na ukili wake, anasuka bila kuinua macho. Wajukuu zangu wawili wa kike tunao majini tangu wakiwa wadogo, na wao hawajui kwamba kuna kitu cha kuogopa pale kwenye bonde la mchanga. Tunawafundisha sasa upande wa pili, wauogope mlango wa mwamba.

Kwa wanaotaka kuanza na wako upande wetu huu: tunakutana siku za maji mafu, alfajiri, wakati maji yanajaa. Miezi mizuri ni ile pepo zinapobadilika, kusi imekwisha na kaskazi haijashika, na ile ya kati ya kaskazi na masika kabla mvua hazijakolea. Njoo na suruali nyepesi, usije na dera. Dumu tunayo, kifuniko kimekazwa. Usile sana kabla. Mwambie mtu wa nyumbani unakwenda wapi. Siku ya kwanza hatutakupeleka zaidi ya kiuno, na ukiishia kidevu, kesho tutaendelea kutoka kwenye kidevu.